Barua ya wazi kwa kaka yangu: ada umelipa, mengine je?

Shikamoo kaka,

Ulinikata kauli kwenye simu, kwa hiyo nimeamua kuyaandika, tena hadharani, maana ulichoniambia hukisemi peke yako. Ulisema: "Mabinti zangu nawasomesha sawa na kaka yao. Ada nalipa kwa wakati. Mnataka nini tena?"

Haki yako nikupe kwanza. Kusomesha binti ni jambo kubwa kuliko hata unavyolihesabu. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliopitia takwimu za nchi 175, kuanzia 1970 hadi 2009. Katika kipindi hicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa milioni 8.2. Watafiti walikadiria kuwa milioni 4.2 kati ya hivyo, yaani zaidi ya nusu, vilizuiwa na kuongezeka kwa elimu ya wanawake. Mama aliyesoma huitambua homa ya hatari mapema, huelewa maelekezo ya dawa, na akijibiwa ovyo na mganga huuliza tena. Kwa hiyo ada unayolipa leo inawafikia hata wajukuu ambao hujawaona.

Ila kaka, ada inamfikisha mtoto darasani tu. Akishakaa kwenye dawati, mengine yanategemea amelala saa ngapi, damu yake ikoje, na akirudi nyumbani anakuta nini kinamsubiri.

Nianze na hilo la nyumbani, kwa sababu nimeliona kwako kwa macho yangu. Watoto wakirudi shule, mvulana anafungua daftari. Dada zake wanafungua bomba. Vyombo, kufua, kufagia, kumbembeleza mdogo wao, kisha ndiyo wakumbuke kwamba kesho kuna jaribio la hesabu, saa hizo macho yameshakuwa mazito. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za nyumbani na za malezi zisizo na malipo duniani, mara 3.2 ya zile wanazofanya wanaume. Mgawo huo haushuki kutoka mbinguni mtu akifika utu uzima. Tunaupanga sisi, mtoto akiwa na miaka saba au minane, tunapomwita mmoja kila kuna kazi na kumwacha mwingine acheze. Matokeo yakitoka unasema kijana ana kichwa chepesi. Mtihani walifanya uleule, lakini saa za kujisomea hukuwapa sawa. (Na huyo kijana ana miaka 15 na bado anamwagiza dada yake maji ya kunywa. Mwanangu, kama unasoma hapa, shangazi anakupenda, ila jagi unalijua lilipo.)

Sasa afya. Binti yako mkubwa umekuwa ukimwita mvivu: anasinzia darasani, akipanda ngazi anahema, kichwa kinamuuma kila mara. Umewahi kumpeleka akapimwe damu? Karibu theluthi moja ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 duniani wana upungufu wa damu. Msichana wa umri wake yumo hatarini kwa sababu mbili kwa pamoja: mwili unakua kwa kasi, na kila mwezi anapoteza damu. Madini ya chuma yakipungua, umakini nao unapungua, na hapo hata ukimwajiri mwalimu wa ziada unapoteza hela yako. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni. Apimwe kwanza, mhudumu aseme kama anahitaji vidonge vya madini ya chuma na kwa muda gani. Usiende kununua dukani kwa kukisia.

Na hedhi isiwe jambo la funika kombe mwanaharamu apite. Wewe ni baba, unaweza kuweka taulo za kike kwenye orodha ya manunuzi ya mwezi bila kusubiri mama yao aombe kwa kunong'ona. Ukienda kikao cha wazazi, uliza kama choo cha wasichana kina maji na mlango unaofungika. Akina baba wakiuliza swali hilo, uongozi wa shule huwa hauna pa kujificha.

Nije kwenye fomu ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, uliyokataa kuisaini kwa ajili ya binti wa pili, mwenye miaka 12. Hoja zako zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba inafunga kizazi. Kaka, chanjo hiyo haina kirusi hai. Ina protini za ganda lake tu, za kuufundisha mwili kumtambua adui. Imekuwa ikitumika tangu 2006. Kinachoondoa kizazi ni saratani ya mlango wa kizazi yenyewe, pale mgonjwa anapofikia kutolewa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi ili aokolewe. Shirika la Afya Duniani linalenga kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, na tangu 2022 limesema hata dozi moja inaweza kutosha kwa umri wa mwanao.

Hoja ya pili, kwamba utakuwa umempa ruhusa ya kuanza mapenzi. Watoto wako wote walichanjwa homa ya ini aina ya B wakiwa wachanga. Kirusi hicho nacho huambukizwa kwa ngono, nacho huleta saratani, na sikukusikia ukisema umewaruhusu chochote. Chanjo ya HPV hutolewa miaka 9 hadi 14 kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi. Saini hiyo fomu.

Kuhusu yule anayekuletea habari za mchumba wa mkubwa, sitasema mengi. Matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani, na wanaopona kuna wanaobaki na fistula, tundu linalowafanya wavuje mkojo au haja bila kujizuia. Mwambie huyo bwana binti anasoma, mlango ufungwe.

Limebaki neno linalokukera, usawa. Unasema ni kuiga watu wa nje. Hao wa nje nao walivutana karne nzima. Uingereza, Chuo cha Girton kilianzishwa kwa ajili ya wanawake mwaka 1869, na kuanzia 1881 waliruhusiwa rasmi kufanya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini shahada kamili walianza kupewa 1948. Ufaransa, hadi 1965, mke aliyetaka kuajiriwa au kufungua akaunti ya benki alihitaji idhini ya mumewe. Uswisi wanawake walipata kura ya kitaifa 1971. Wengi wao walikuwa wamesoma vizuri tu. Walikuwa na elimu kichwani, na karatasi za kusaini zikawa mikononi mwa mtu mwingine.

Ndiyo maana nakuuliza: kiwanja kile kimeandikwa jina la nani? Mama yao amechangia kwa miaka yote, jina lake liko wapi? Na kama kuna kitu unataka mabinti wakipate, kiandikishe wewe ukiwa hai na akili timamu, mbele ya mashahidi. Usituachie sisi ndugu tuje kugombana kwa niaba yako.

Mwisho, yule wa pili anataka kuchukua fizikia, na nasikia umeshamwambia ni somo la wavulana. Kabla hujaongeza neno, mwombe mwalimu akuonyeshe alama zake za miaka miwili. Mimi nimeziona.

Dadako