Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Vifaa vya Kutahadharisha Mgongano

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Mambo ya kawaida nitayapitia harakaharaka. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Winchi inayovuta glaida zetu, yaani ndege zinazoruka bila injini, hadi zipae, imepata kebo mpya. Wanafunzi wameongezeka hadi walimu wameanza kulalamika, na lalamiko hilo kamati imelipokea kwa furaha. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani kufunga vifaa vya kutahadharisha mgongano kwenye glaida zetu.

Wapo walioniuliza uwanjani, "Mwenyekiti, kwani macho yametushinda?" Swali ni la haki. Jicho huvutwa na kitu kinachosogea, lakini ndege iliyo kwenye njia ya kukugonga haisogei kiooni. Hukaa palepale kama kidoa, kisha huvimba ghafla. Glaida nayo ni nyeupe na nyembamba. Ikikujia uso kwa uso chini ya wingu, unachoweza kuona ni uzi wa mabawa tu. Mbili zikikabiliana, kila moja kwa kilomita 150 kwa saa, hukaribiana kwa zaidi ya mita 80 kila sekunde, na kilomita nzima huisha kwa sekunde 12. Tena ni sisi wenyewe tunaopenda kusongamana: mkondo mmoja wa hewa ya joto ukipanda vizuri, kila mtu anataka kuzunguka humohumo ili umpandishe.

Mfumo tuliouchagua ni FLARM, ulioanza Uswisi mwaka 2004 kufuatia ajali za glaida kugongana angani. Kifaa hujua kilipo kwa GPS, hupima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, hukadiria njia ambayo ndege itapita sekunde chache zijazo, kisha hutangaza hayo yote kwa redio mara moja kila sekunde. Kifaa cha jirani hupokea na kulinganisha na njia yake. Uzuri wake ni kwamba hakipigi kelele eti kwa sababu mwenzako yuko karibu. Hupiga kelele pale njia mbili zinapoelekea kukutana. Vinginevyo mkondo wenye glaida tano ungekuwa makelele matupu, na kila rubani angekizima. Tahadhari huja zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 20, na huonyesha hatari iko upande gani, juu au chini. Kugeukia upande gani ni uamuzi wako, kwa hiyo lazima umwone huyo mwenzako kwa macho yako.

Hapo ndipo walimu walipotutia shaka, na walikuwa na hoja. Mwanafunzi akipewa kiskrini hukikodolea macho badala ya kuangaza nje. Tumekubaliana kwamba anayejifunza ataruka kiskrini kikiwa kimefunikwa, sauti ya tahadhari ikiachwa, hadi mwalimu aridhike kwamba shingo yake inageuka bila kukumbushwa.

Kazi iliyotuchosha zaidi ni antena. Glaida yetu moja ya viti viwili ilikuwa na kifaa kinachowaka vizuri, taa zote za kijani, lakini wenzake walikuwa hawaioni mpaka wawe karibu mno. Fundi alipochungulia nyuma ya paneli akakuta antena imelazwa kando ya dira, imezungukwa na nyaya, na kiunzi cha ndege chenyewe ni cha nyuzi za kaboni, ambazo huzuia mawimbi ya redio. Akaihamishia juu ya paneli, ikasimama wima. Rekodi ya safari iliyofuata ilipochambuliwa, ilionyesha kifaa kinapokea pande zote isipokuwa pembe ndogo nyuma. Kwa maoni yangu, kifaa kilichofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu humpa rubani imani isiyo na msingi.

Programu yake nayo lazima isasishwe angalau mara moja kwa mwaka, maana vifaa vyote havina budi kuzungumza lugha moja. Kwa wasiopenda safari zao kufuatiliwa kutoka ardhini, ipo mipangilio ya kuomba usifuatiliwe bila kupunguza tahadhari. (Wanaoficha mikondo yao mizuri wasiwe na wasiwasi, tunaijua yote.)

Kikwazo kinachobaki kiko kwetu wanachama. FLARM haiwezi kumwona asiyetangaza. Chama kikifunga kwenye glaida zake zote na wenye glaida binafsi wakabaki bila, tutakuwa tumenunua nusu ya ulinzi. Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba kuanzia msimu ujao glaida yoyote isiyo na kifaa kinachofanya kazi, chenye programu ya karibuni, isirushwe kutoka uwanja wetu, iwe ya chama au ya mtu. Pendekezo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Wenye glaida binafsi wanaotaka antena zao zikaguliwe kabla ya hapo, waandike majina kwenye daftari lililo bandani. Fundi ataanza na zile za kaboni.

Wenu,
Mwenyekiti