Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: haya maumivu ya nyonga kwa wanaume, tujaribieni na tiba zisizo za vidonge

Daktari shikamoo. Mi ni mbeba mizigo hapa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, nakuandikia jambo ambalo wanaume huku tunanong'onezana tu. Kuna maumivu yanakaa kule chini, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, yanapanda mpaka kinenani, ukikaa yanauma, ukikojoa yanauma, ukimaliza tendo na mkeo ndo usiseme, na yanaenda miezi na miezi. Ukienda kupima unaambiwa UTI, unapewa antibayotiki ya sipro, ikiisha unapewa ya doksi, mkojo ukioteshwa maabara kutafuta bakteria haioti kitu na bado unaandikiwa dozi nyingine, hela ya kubeba magunia ya dagaa inaishia famasi.

Na wewe unajua kuliko mimi kwamba wanaume wengi wenye hii hali, zaidi ya 9 kati ya 10, hawakutwi na bakteria yoyote. Sasa antibayotiki inaua nini? Kwa wengine inaweza kuwa ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na utumbo kwa chini, imekaza haiachii.

Wenzetu wameshapima tiba zisizo za vidonge. Italia mwaka 2007 walitoa majibu ya wanaume 103, mazoezi ya kutoa jasho kama kutembea haraka yalisaidia kuliko kujinyoosha tu, wiki 18. China mwaka 2021 walitoa ya wanaume 440, akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina zisizo na dawa, mara 20 ndani ya wiki 8, karibu 61 kwa kila 100 wakapata nafuu ya kueleweka, ila waliochomwa za kuigiza nao karibu 37 walipata nafuu! Ndo maana naomba mpime kweli, na kundi la kulinganisha liwepo, sio mtu alete mashine yake mjini aanze kutuchaji.

Hospitali ya Bugando ipo, NIMR, ile taasisi ya utafiti wa magonjwa, ipo hapahapa Mwanza, watu wa utafiti hatujakosa. Kwanza mtupime kichocho na magonjwa ya zinaa maana huku ziwani huwezi kuruka hilo, alafu anayebaki na maumivu bila mdudu ndo aingie kwenye jaribio. Yale maswali 9 ambayo madaktari hutumia kupima maumivu haya, pointi 0 mpaka 43, yaulizwe kwa Kiswahili cha kawaida, mtu asione aibu kujibu kuhusu mkojo wake.

Kitu kingine, fiziotherapi ya nyonga, yaani tiba ya mazoezi na kukanda misuli, inaweza kuhitaji mtaalamu aingize kidole chenye glavu njia ya haja kubwa akandamize misuli. Semeni mapema, kwa heshima, mtu akubali mwenyewe au akatae, na anayetaka mtaalamu mwanaume apewe, la sivyo watakimbia siku ya kwanza na hamtawaona tena.

Mkianza kuandikisha njooni mwaloni asubuhi mitumbwi ikishashusha, kabla watu hawajaenda kulala. Mi nitakuja, na nina wenzangu wa kuja nao.