Mlipeni mhasibu kabla ya semina

Mhariri,

Nimesoma habari zenu za hivi karibuni kuhusu ruzuku za kuimarisha asasi za kiraia katika jamii zilizoathiriwa na vita, na nimefurahi kwamba jambo hili limepata nafasi gazetini, maana kwa kawaida huzungumzwa kwenye kumbi za hoteli tu. Lakini kuna swali mliliruka. Nami, kwa kuwa nimeshika vitabu vya hesabu vya asasi za namna hiyo kwa miaka mingi, naona ndilo linaloamua mengine yote: fedha hizo zinaruhusiwa kulipia nini?

Ukisoma mwito wa maandiko ya miradi utakutana na maneno matamu: kujenga uwezo, kuimarisha taasisi, umiliki wa wenyeji. Fungua jedwali la bajeti uone mambo yanavyogeuka. Semina zinaruhusiwa. Posho za washiriki, nauli, chai, ukumbi na mabango, vyote ruksa. Pango la ofisi haliruhusiwi, au linaruhusiwa kwa sehemu ile tu inayohusiana na mradi. Mshahara wa mhasibu vivyo hivyo. Mradi ukifungwa mratibu anaaga, pikipiki inarudishwa kwa mbia mkuu, yaani shirika kubwa linalopokea ruzuku kwanza, na chama kilichokuwa kikisuluhisha wakulima na wafugaji kinabaki na cheti cha mafunzo ya utunzaji wa fedha ukutani. Fedha zenyewe za kutunza hazipo.

Kuna watakaosema hayo ni malalamiko ya wahasibu. Katika jamii iliyotoka vitani, au iliyo bado ndani yake, ni zaidi ya hapo. Usuluhishi haufuati kalenda ya mradi. Wazee wa pande mbili, akina mama wa sokoni, vijana waliowahi kubeba silaha, hukubali kukaa pamoja kwa sababu wanamjua anayewaita. Walimwona mwaka jana na mwaka juzi, na wana hakika mwakani atakuwepo. Mkimwondoa kwa sababu awamu imekwisha, hasara haiishii kwenye ajira yake. Wale aliowaahidi wanarudi kwao wakisema hawa nao ni walewale. Kuwaita mara ya pili ni kazi maradufu, na wanaonufaika na vita wanalijua hilo vizuri kuliko wafadhili.

Tazameni Ireland Kaskazini. Mfuko wa Kimataifa wa Ireland uliundwa mwaka 1986 na serikali za Uingereza na Ireland, miaka 12 kabla ya mkataba wa amani wa 1998. Programu ya PEACE ya Umoja wa Ulaya ikafuata mwaka 1995, nayo tangu awamu ya kwanza ilipitisha sehemu ya fedha zake kwenye taasisi za wenyeji, ambazo ndizo zilizogawa ruzuku kwa vikundi vya mitaani. Imeendelea awamu baada ya awamu; ya sasa, PEACEPLUS, ni ya 2021 hadi 2027. Sisemi kila senti ilitumika vyema, na kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na Waprotestanti mjini Belfast bado zimesimama. Ila hakuna aliyewataka wale watu wapatane ndani ya miezi 12 kisha waandike ripoti ya mafanikio. Kwa nini kwingine muda huo uonekane unatosha?

Ahadi zipo, tena za maandishi. Mei 2016, mjini Istanbul, kwenye Mkutano wa Dunia wa Masuala ya Kibinadamu, wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada walifikia makubaliano yanayojulikana kama Grand Bargain. Walilenga kwamba kufikia mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu ziwafikie wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ulikuja ukapita. Fedha zinazokwenda moja kwa moja kwa wenyeji hazijafika hata asilimia 10. Novemba 2021 Samantha Power, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, naye alitaja asilimia 25 hiyohiyo ndani ya miaka minne. Kabla miaka minne haijatimia, Julai 1, 2025, USAID yenyewe ikaacha kutoa misaada.

Sudan inaonyesha uchungu wa jambo hili. Vita vilipozuka Aprili 15, 2023, wajitoleaji wa mitaani waliunda vikundi vya dharura vilivyopika chakula cha bure, vikatafuta maji na dawa, vikawahamisha watu kutoka maeneo ya mapigano ambako mashirika mengi makubwa yalikuwa yameshaondoka. Dunia iliwasifu, na mwaka 2025 wakapewa Tuzo ya Rafto ya haki za binadamu. Mwaka huohuo, mapema, fedha za Marekani zilipositishwa, mamia ya majiko yao yalizimika. Sifa haikusaidia kitu. Wale vijana hawakuwa na akiba, na hata wangekuwa asasi iliyosajiliwa yenye ofisi na mhuri, masharti ya kawaida ya ruzuku yasingewaruhusu kuwa nayo: salio la mradi hurudishwa kwa mfadhili. Shirika la kimataifa linaloandika andiko kwa niaba yao lina akiba yake, lina wanasheria, na lina idara nzima ya kutafuta fedha. Nani analipia hayo yote?

Hapa ndipo penye siri ya biashara hii. Juu ya gharama za mradi huwekwa asilimia fulani ya gharama za uendeshaji. Kwenye ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa mambo ya nje, kiwango cha kawaida hakizidi asilimia 7. Kwenye ruzuku za serikali ya Marekani, taasisi isiyo na kiwango ilichokubaliana na serikali iliruhusiwa asilimia 10, na kuanzia Oktoba 1, 2024 ikapanda hadi 15. Asilimia hiyo ndiyo hulipa umeme, ukaguzi wa hesabu, mtu wa kufuatilia mikataba. Lakini ruzuku ikishateremshwa kutoka shirika kubwa hadi asasi ya mwenyeji, mara nyingi sana asilimia hiyo inabaki juu. Mwenyeji anapewa gharama za shughuli tu, kana kwamba shughuli hujifanya zenyewe gizani bila ofisi wala watu. Mwaka 2022 Kamati ya Pamoja ya Mashirika, inayounganisha Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada, ilitoa mwongozo wa kuwapa wenyeji gharama hizo. Mwongozo hauna meno. Nimeona mikataba iliyoandikwa baada yake ambayo mstari wa gharama za uendeshaji wa asasi ya mwenyeji una sifuri.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, hilo halina ubishi. Mfuko wa Amani na Misaada ya Kibinadamu kwa Wanawake, ulioanzishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2016, una dirisha la fedha za kitaasisi: asasi ya wanawake wenyeji inaweza kuomba kati ya dola 2,500 na 30,000 ili iendelee tu kuwepo, ilipe pango na wafanyakazi, bila kubuni mradi mpya wa kumfurahisha mtu. Kwa mfadhili mkubwa hizo ni fedha ndogo mno. Kwa kikundi cha akina mama wanaoratibu tahadhari za mashambulizi kati ya vijiji, zinaweza kuwa tofauti ya kufunga mlango na kutofunga.

Najua jibu litakalokuja: asasi nyingine ni za mkobani, zimeanzishwa na mtu na mkewe, na wakipewa fedha zisizo na shughuli watazila. Zipo, sikatai. Ila mniwie radhi, mwizi ninayemjua mimi anapenda semina. Orodha ya mahudhurio hujazwa sahihi jioni moja, posho za watu ambao hawakufika zinagawanywa, na picha ya watu wameshika vitabu inapelekwa kwenye ripoti. Mwizi huyo hapendi mhasibu wa kudumu anayelipwa vizuri, wala mkaguzi wa nje kila mwaka, wala bodi inayokutana. Hayo ndiyo ambayo masharti ya bajeti yetu yanakataa kuyalipia, halafu tunashangaa fedha zinapotea.

Benki nazo zina sehemu yake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kikosi cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, FATF, kilitoa pendekezo lililoziona asasi zisizo za faida kuwa mlango wa kufadhili ugaidi. Lilirekebishwa mwaka 2016 na tena 2023, kwa sababu madhara yake yalionekana, lakini hofu ya benki haikurekebishwa. Asasi iliyo kwenye eneo la vita inaweza kungoja uhamisho kwa miezi huku saa ya mradi inahesabu. Mfadhili makini angeanza kuhesabu muda siku fedha zinapoingia kwenye akaunti. Sijui kwa nini hili ni gumu kuandikwa kwenye mkataba.

Na nembo, tafadhali. Kuilazimisha asasi ibandike bendera ya taifa la kigeni kwenye mlango wake, mahali ambapo upande mmoja wa vita unalichukia taifa hilo, ni kumwekea mtu alama mgongoni.

Ombi langu kwa chumba chenu cha habari ni dogo. Ruzuku nyingine itakapotangazwa, msituandikie kiasi cha jumla peke yake. Chapisheni ni ya muda gani, ni asilimia ngapi itabaki kwa mbia mkuu, na iwapo asasi ya mwenyeji itapata gharama za uendeshaji kwa kiwango kilekile anachopata mkubwa wake. Muulizeni msemaji kama mshahara wa mhasibu umo. Akikosa majibu, andikeni kwamba aliulizwa akakosa.

Wako,
Msomaji, mtunza hesabu wa asasi za kiraia