Sindano ya mwezi ifike zahanati za milimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza sisi wenye ndugu wanaougua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, huku Kibosho, na naamini wenzetu wa Marangu, Rombo na Arumeru wanalijua vilevile. Sindano ya mwezi ikikosekana hospitali, familia ndiyo inayobeba mzigo, tena inaubeba baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba dawa ilikosekana.

Kwa asiyeijua: wengi wa wagonjwa wetu wanapewa ile ya flufenazini, dawa ya kutuliza ugonjwa huu. Dawa huchanganywa na mafuta ya ufuta, huchomwa kwenye msuli wa tako, na kutoka hapo huingia kwenye damu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Si dawa mpya. Ilianza kutumika miaka ya 1960, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiondoi ugonjwa moja kwa moja, lakini inaushikilia chini ili mtu aweze kuishi maisha yake.

Mdogo wangu alianzia kwenye vidonge. Kila jioni mama alisimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka ameze, kisha akamwambia afungue mdomo aone. Vidonge vikaokotwa chini ya godoro. Yakaja maneno, yakaja machozi, watu wazima wawili wakawa hawasemezani kwa sababu ya kidonge. Alipohamia sindano ugomvi ule ukaisha. Mwenyewe alimwambia daktari, "Nikishachomwa, mama haniulizi tena." Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa kuliko zote za kuitetea dawa hii.

Lakini tunashuka mjini kwa kifodi, tunapanga foleni tangu asubuhi, tukifika dirishani tunaambiwa imekwisha, mrudi wiki ijayo au mkatafute madukani. Mara nyingi madukani nako haipo.

Naomba wakubwa wa afya waelewe hili vizuri: siku hiyo hakuna kinachoonekana. Dawa ya mwezi uliopita bado imo mwilini. Mgonjwa anarudi nyumbani, anakata majani ya ng'ombe, anasalimia watu njiani. Majirani wanasema maombi yamejibiwa, amepona. Wiki zinapita, dawa inapungua polepole kama ilivyoingia, kisha usiku mmoja halali. Kesho yake anajibizana na watu tusiowaona, chakula cha mama anakiogopa, anasema kina sumu. Tunamshusha hospitali kwa gari la kukodi, pengine amefungwa kamba, jambo ambalo hakuna mama anayependa kuliona. Na kwenye faili linaandikwa kwamba aliacha dawa. Hakuiacha. Aliifuata akaikosa.

Sisemi sindano haina matatizo. Wapo wanaokakamaa shingo, wanaotetemeka mikono, na wale ambao miguu haitulii, mtu anazunguka uani mpaka usiku. Hayo yanatibika: daktari anapunguza dozi, anaongeza benzeksoli, kidonge cha kupunguza kukakamaa na kutetemeka, au anabadilisha dawa. Kinachokimbiza watu ni kutoambiwa mapema. Mgonjwa akiwa ametulia aelezwe faida na madhara, aulizwe kama anaitaka, na ndugu zake waelezwe pia. Sindano isitumike kama adhabu ya msumbufu.

Zipo sindano nyingine za kisasa za ugonjwa huu. Ya paliperidoni ya miezi mitatu iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na ya miezi sita mwaka 2021. Bei yake si ya mkulima wa migomba. Mimi naomba hii ya zamani tu, ila isikatike.

Njia ipo, na haihitaji jengo jipya. Zahanati zetu huwachoma kina mama sindano ya uzazi wa mpango kila baada ya miezi mitatu. Muuguzi anaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, mama anarudi, kazi imeisha. Flufenazini haihitaji jokofu, inatosha isipigwe na mwanga wala joto kali. Daktari wa akili abaki mjini kuanzisha matibabu na kupanga dozi, mgonjwa amwone kila baada ya miezi kadhaa, na ile ya kila mwezi achomwe kijijini kwake. Asipotokea siku yake, muuguzi atajua siku hiyohiyo, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kupita nyumbani kuuliza. Kidonge kikirukwa nani atajua?

Wakati hilo linapangwa, kuna dogo linaloweza kuanza Jumatatu. Kliniki zina namba zetu za simu kwenye faili. Dawa ikiisha stoo, tupigiwe kabla hatujapanda gari, na tuelekezwe ni kituo gani kingine kinayo. Mganga mkuu wa wilaya akitoa agizo hilo, halihitaji bajeti.

Dada wa mgonjwa (jina limehifadhiwa),
Kibosho, Moshi