Risala ya Kikundi cha Wapima Maji kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi, walimu na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kufika kwenye maonyesho yetu. Tuna jambo moja la kukueleza: chupa moja ya maji yaliyochotwa chini ya ukuta wa bwawa haisemi mto umebeba kaboni kiasi gani itokanayo na viumbe.

Mto ukiingia bwawani hupunguza mwendo. Tope na majani yaliyosagika hutua, mwani huota penye mwanga, na mimea iliyozama huoza na kuachia kaboni iliyoyeyuka. Ndiyo maana tunapima kaboni ya chembe peke yake na iliyoyeyuka peke yake. Tunachota mto unakoingia, bwawani kwenye vina mbalimbali, na chini ya ukuta. Vina ni lazima, kwani mara nyingi mitambo ya umeme huvuta maji ya kilindini, yasiyofanana na ya juu.

Kichujio cha kunasa chembe, cha nyuzi za kioo, chenye matundu ya mikromita 0.7 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), huchomwa kwanza tanurini kwa nyuzi 450 za Selsiasi, kwa muda wa saa 4, ili kuondoa kaboni yake, kisha hushikwa kwa kibano tu. Kidole kina mafuta, na mafuta yana kaboni. Tunachuja nusu lita hadi lita moja. Maji ya tope huziba kichujio mapema. Hapo tunaacha na kuandika ujazo uliopita, maana bila ujazo sampuli hiyo ni ya kutupa.

Maji yaliyochujwa huwekwa kwenye chupa ya kioo ya kahawia, hutiwa asidi hadi pH 2 (kipimo cha uchachu), na kuhifadhiwa gizani kwa nyuzi 4. Asidi huzuia bakteria wasile kaboni tunayoitafuta. Pia hugeuza kabonati, yaani kaboni ya chokaa, kuwa gesi, nayo hufukuzwa kwa kupuliza hewa isiyo na kaboni. Usipofanya hivyo, mashine ya kupima kaboni huhesabu kaboni ya chokaa pamoja na ya viumbe. Kichujio nacho hufukizwa kwa mvuke wa asidi kwa sababu hiyohiyo. Kuna njia rahisi ya kuchoma chembe kwa nyuzi 550 na kupima uzito uliopungua, lakini kwenye mto wa mfinyanzi hatuiamini peke yake: mfinyanzi nao hupoteza maji yake ya ndani, na upungufu huo huonekana kama mabaki ya viumbe.

Kosa linalotuumiza zaidi halitoki maabara, bali kwenye kutojua mto unapitisha maji kiasi gani. Miligramu 5 za kaboni kwa lita, mto ukipitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde, ni gramu 500 kila sekunde, yaani tani 43 kwa siku. Mitambo ikipunguzwa usiku mto ukabaki na mita za ujazo 20 kwa sekunde, hesabu hiyo haifai, hata kama kipimo kilikuwa safi kabisa.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tunaomba utusaidie kupata kwa waendesha bwawa rekodi ya maji yanayofunguliwa kila saa, pamoja na tanuri linalofika nyuzi 550.

Tunaomba kuwasilisha.