Mishahara iliyozidi irejeshwe, lakini asianziwe mlinzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililotugawa wanachama wa chama chetu cha ushirika wa mazao hapa mkoani Dodoma tangu taarifa ya ukaguzi iliposomwa. Mkaguzi alibaini kuwa watumishi wamekuwa wakilipwa mishahara inayozidi makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Bodi ikaamua fedha zirudi, na mwezi uliofuata mlinzi wa ghala na karani wa mizani wakakuta mishahara yao imekatwa karibu nusu bila barua yoyote, ilhali suala la meneja, ambaye ndiye aliyeandaa orodha ya malipo, tukaambiwa bado linajadiliwa.

Sisemi fedha hizo zisamehewe. Zimetokana na ushuru tunaokatwa kwa kila kilo ya alizeti, na sisi wa kanda ya kati tunajua kilo hiyo inavyopatikana kwa tabu mvua zinapokatika Februari mimea ikiwa bado michanga. Waliosimama mkutanoni wakasema yaliyopita si ndwele walikuwa wakigawa jasho la wakulima ambao wengi wao hawakuwapo ukumbini.

Hata hivyo, deni halali nalo lina utaratibu wa kudaiwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kukata ujira pasipo sheria kuruhusu au mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Mwajiri anayetaka kufidiwa hasara anatakiwa aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Sheria hiyo hiyo inaruhusu malipo yaliyozidi kwa makosa ya hesabu yarejeshwe, na kwangu mimi hakuna sababu ya kuyarejesha kwa ukali kuliko hasara. Tuchukue mtumishi wa shilingi 300,000 kwa mwezi aliyezidishiwa 40,000 kwa miezi 18: anadaiwa 720,000, na kwa makato ya 72,000 deni linakwisha katika miezi kumi, watoto wake wakiwa bado wanakula.

Lililo zito zaidi ni nani alaumiwe. Mlinzi alipokea alichowekewa. Hakuona makisio, wala hakuwa na namna ya kujua kwamba kiwango chake hakikupitishwa. Aliyeandaa malipo na waliotia saini walikuwa na makisio mezani. Kosa lao si la hesabu, ni la kukiuka uamuzi wa mkutano mkuu, ambao ndio wenye kauli ya mwisho katika chama, na sehemu isiyorejesheka kwa watumishi walioacha kazi au kufariki inapaswa kuwa juu yao.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika zina makao makuu yake hapa Dodoma. Naziomba zitoe mwongozo wa Kiswahili chepesi kuhusu urejeshaji wa namna hii, ubandikwe katika kila ofisi ya chama. Wakati tukiusubiri, bodi yetu imrudishie mlinzi kilichokatwa kupita robo, impe barua yenye hesabu yake, na ilete mbele ya mkutano mkuu majina ya waliotia saini.

Mwanachama wa ushirika,
Chamwino, Dodoma