Barabara ya mzunguko si kiwanja cha mbio

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipokosea mambo ya magari, ambayo ndiyo kazi yangu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu mbio za magari nchini ilianza vizuri, ikataja mbio za Mkwawa za kule Iringa na Morogoro, ikawapa madereva heshima yao. Ilipofika kwetu ikasema Dodoma haihitaji kujengewa kiwanja cha mbio, kwa kuwa tayari ina barabara ya mzunguko wa nje, mpya na pana, inayofaa kabisa kwa kazi hiyo.

Nani aliipitisha sentensi ile?

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 112.3, njia nne, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa mpaka Matumbulu. Imejengwa ili malori yasilazimike kuingia katikati ya jiji. Pembeni mwake wanaishi watu. Asubuhi watoto wanavuka kwenda shule, jioni mifugo inavuka kurudi zizini. Usiku ndipo wanapokuja vijana na magari yao kufanya ligi, yaani kushindana mwendo, na mwandishi wenu amewaambia wako mahali sahihi.

Mtoto wa mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Usiku mmoja kiangazi kilichopita alikuwa anatoka Veyula, amempakia mama mmoja aliyetoka msibani. Akasikia mngurumo nyuma yake, akageuka, akaona taa zimejaa barabara: gari mbili sambamba, hakuna iliyotaka kupisha. Akakata kushoto, pikipiki ikaingia mtaroni. Yule mama alivunjika mkono. Kijana wetu alivunjika mguu chini ya goti, mpaka leo anachechemea, na pikipiki ya mkataba tajiri ameshaichukua. Gari zile zilisimama mbele kidogo, watu wakashuka, wakamulika kwa simu, wakarudi ndani, wakaondoka. Tulipokwenda kuripoti tukaambiwa tulete namba za magari. Mtu yuko mtaroni, mguu umevunjika, giza totoro, asome namba za gari linalokimbia vile! Nilirudi pale tena na tena, mpaka askari mmoja akaniuliza kama sina kazi nyingine ya kufanya. Kazi ninayo. Natengeneza magari, na kwa sababu hiyo najua ni magari gani yale: gari la kwendea kazini lililofunguliwa eksozi, likakatwa springi, likafungwa tairi za mtumba, kisha likakimbizwa mwendo ambao breki zake haziuwezi. Najua kwa sababu vijana hao huja gerejini kwangu kuniomba niwafanyie hivyo. Nakataa. Wanakwenda kwa fundi mwingine, na jioni hiyohiyo gari liko barabarani.

Wasomaji wenu wengine wanawaita wahuni. Mimi siwaiti hivyo. Yupo mmoja anayeweza kusikiliza injini akakwambia silinda ipi imelala kabla hujafungua boneti. Kijana huyo anapenda gari, na katika nchi nzima hana mahali pa kulipeleka. Na hii ni nchi iliyokuwa na historia. Marehemu baba yangu hakuchoka kutusimulia habari za Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 na akarudia 1967 kwa Peugeot 404, enzi zile mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, wakipanda milima ya Usambara kwenye tope la Pasaka. Leo Safari imebaki Kenya peke yake, na tangu 2021 imerudi kwenye ubingwa wa dunia kule Naivasha. Afrika Kusini wana kiwanja cha mbio cha Kyalami tangu 1961. Sisi hatuna kiwanja hata kimoja cha lami chenye daraja la FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari.

Mwandishi wenu angeuliza kiwanja cha mbio ni nini kabla ya kuandika. Kwanza kimefungwa, hakuna anayekuja usoni wala anayevuka. Nje ya kona kali huachwa eneo la kokoto au lami ya ziada, ili gari lililomshinda dereva lipunguze mwendo kabla ya kufika ukutani, na ukuta wenyewe umepangiwa matairi yaliyofungwa pamoja. Watazamaji wako nyuma ya uzio. Watu wa bendera wako pande zote, na daktari yuko tayari na gari la wagonjwa. Mtu atasema Monako wanashindana mitaani tangu 1929. Ni kweli, lakini mitaa ile hufungwa, na maandalizi ya kuizungushia vyuma huchukua wiki kadhaa, na mzunguko wote ni kilomita 3.337 tu. Nani atazungushia vyuma kilomita 112?

Italia walikuwa na Mille Miglia, mbio zilizoanza 1927, maili elfu moja kwenye barabara za kawaida, katikati ya vijiji. Mwaka 1957 tairi la Ferrari moja lilipasuka karibu na Guidizzolo, gari likawaingia watu waliosimama pembeni. Alikufa dereva, akafa msaidizi wake, wakafa watazamaji tisa, watano kati yao watoto. Huo ukawa mwisho wa mbio zile. Na lile lilikuwa gari lililotengenezwa kwa mashindano, mikononi mwa dereva wa Ferrari. Sisi tuna tairi za mtumba na giza.

Na jibu letu ni matuta. Mtaa ukipata lami, wakazi wakichoshwa na ligi, wanainua tuta la zege usiku, halina rangi wala kibao. Wiki haipiti bila kuletewa gari lililopasuka sampo au kuvuja shokapu kwa ajili ya tuta ambalo jana halikuwepo. Wajawazito wanarushwa ndani ya bajaji. Gari la wagonjwa linakaribia kusimama kila baada ya nyumba chache. Na mwenye ligi tuta halimsumbui, anahamia kwenye barabara isiyo na matuta, ambayo ndiyo ile mliyoisifu.

Pendekezo langu ni hili. Ndege zote zikishahamia uwanja mpya wa Msalato, njia ya kurukia ya uwanja wa mjini ibaki kama ilivyo. Isikatwe viwanja vya kujenga, maana katika Dodoma hii eneo likiwa wazi kidogo tu, bikoni zimeshachimbiwa. Silverstone ya Uingereza ilikuwa uwanja wa ndege za vita. Mwaka 1948 ikaanza kutumika kwa mbio kubwa, na Mei 1950 ndipo ilipofanyika mbio ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa Formula 1. Sebring ya Marekani, yenye mbio za saa 12 tangu 1952, nayo ilitokana na uwanja wa ndege za kijeshi. Sisi tuanze na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Chama cha magari, AAT, kitoe waamuzi na watu wa bendera. Kila gari likaguliwe langoni, breki, mikanda na tairi, na lenye tairi kipara lirudishwe bila mjadala. Dereva avae helmeti. Kiingilio kiwe shilingi elfu mbili, na fedha za kwanza zilipie gari la wagonjwa. Matairi chakavu ya malori yamejaa gereji zote za Chang'ombe na Kizota: yafungwe kwa bolti, matatu kwenda juu, yapangwe kwenye kona. Yaliyoko kwangu nayatoa bure, na lori la kuyabeba nitalitafuta mwenyewe.

Nanyi mrekebishe ile sentensi, kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Fundi magari,
Chang'ombe, Dodoma